Ukuta wa Duka na Mchoraji wa Lafey

Tukimtaja mchoraji wa Kenya anayeshika burashi kwa ajili ya maisha ya mjini na urithi wa watu wake, fikira zetu hukimbilia Nairobi. Ndiko Elimo Njau na wenzake walikoanzisha Paa ya Paa mwaka 1965, ndiko Gallery Watatu ilikofunguliwa mwaka 1969, na ndiko zilikofuata Kuona Trust mwaka 1995, GoDown mwaka 2003 na taasisi ya sanaa ya kisasa ya NCAI mwaka 2020. Mkaazi wa Lafey, mji mdogo wa Kaunti ya Mandera ulio karibu na mpaka wa Somalia, ana haki ya kuuliza iwapo orodha hiyo inamhusu hata kidogo. Kati yake na kumbi hizo kuna mamia ya kilomita, nyingi zikiwa za vumbi, na baadhi yake watu huzipita wakiomba dua. Hoja yangu ni kwamba mchoraji anayetafutwa yupo tayari huko huko Kaskazini Mashariki. Anafanya kazi mchana kweupe kwenye kuta za maduka, na sisi tunaoandika kuhusu sanaa ndio tunaompita bila kumsalimu.

Tuutazame ukuta wenyewe. Katika miji ya eneo hili, kuanzia Garissa hadi Mandera, duka hujieleza kwa picha. Mbele hupakwa rangi ya msingi, kisha huchorwa vilivyomo ndani: mfuko wa sukari, pakiti ya baasto (tambi), mtungi wa mafuta ya kupikia, tochi, viatu. Duka la dawa za mifugo huchorewa mbuzi, ng'ombe na sindano, na kinyozi huchorewa kichwa kilichotoka kunyolewa. Anayeuza maziwa huchorewa ngamia, na pembeni ya ngamia huandikwa nambari ya kulipia kwa simu, maana pesa nazo siku hizi hupita hewani. Kazi huanza kwa uzi uliopakwa chaki. Watu wawili huushika ncha zake, mmoja huuvuta na kuuachia ghafla, na mstari mnyoofu hubaki ukutani. Juu ya mstari huo herufi hupangwa kwa penseli au mkaa, ndipo rangi ya mafuta iliyolainishwa kwa thina hujazwa. Herufi zikishakauka hutiwa kivuli upande mmoja ili zionekane zimejitokeza. Mtihani mkubwa, hata hivyo, ni ngamia. Wanaopita mbele ya ukuta huo wamewajua ngamia tangu utotoni. Wanatambua kwa kutupa jicho mara moja kama goti limekunjwa vibaya, kama nundu imesogezwa mbele mno, kama yule aliyechorwa ni jike la kukamwa au dume la kubeba mizigo. Sijui ukumbi wowote wa maonyesho Nairobi wenye wahakiki wakali kiasi hicho kwa kitu kimoja. Picha ya ngamia inayodumu kwenye ukuta wa mji wa wafugaji bila kuchekwa imeshapita kwenye tundu la sindano.

Mazungumzo yetu kuhusu sanaa ya Kaskazini Mashariki yana tabia ya kugawa vitu viwili visivyogawanyika. Upande mmoja tunaweka urithi: ngamia jangwani, mama amebeba chombo cha maziwa, machweo. Upande wa pili tunaweka mji: lori, mabati, simu, foleni ya maji. Mchoraji wa kadi za watalii huchukua upande wa kwanza peke yake na kuufuta wa pili, na hapo ndipo anapoanza kusema uongo, kwa sababu mfugaji wa leo anauza ngamia wake katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, na mnyama huyo huondoka sokoni juu ya lori. Maziwa ya ngamia ya Isiolo husafirishwa kwa basi hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ndani ya mitungi ya plastiki, na biashara hiyo imo mikononi mwa wanawake wa vyama kama Anolei. Ni urithi gani huo ambao hauna nauli ya basi? Mchoraji wa ukuta hana nafasi ya kudanganya kwa namna hiyo. Mteja wake anauza maziwa na anapokea pesa kwa simu, basi vyote viwili lazima viwepo, tena kwenye ukuta mmoja, kwa kipimo ambacho biashara imeamua. Bila kukusudia kuandika tasnifu yoyote, anachora jamii jinsi inavyoishi.

Zaidi ya hapo, hakuna haja ya kudhani kwamba rangi na umbo viliingia huku na duka la kwanza. Nyumba ya mfugaji wa Kisomali, aqal, hujengwa na wanawake. Wao ndio wanaopinda fito, wao ndio wanaosuka mikeka ya kuezekea, na wao ndio wanaoibomoa na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Chombo cha maziwa, dhiil, husukwa kwa nyuzi za mimea kwa kubana sana hadi kikashika maziwa bila kuvuja, hufukizwa kwa moshi ndani ili maziwa yakae, na nje hutiwa mistari na pembe za mapambo ambazo kila msukaji anajua zinavyofuatana. Kuna pia chapa za mifugo. Ngamia huchomwa kwa chuma cha moto alama ya ukoo wake, shingoni, shavuni au pajani, na mchungaji aliyekomaa anasoma alama hizo kwa mbali na kujua mnyama aliyepotea ni wa nani. Jamii yenye alama za namna hiyo ilikuwa na uchoraji wa mistari kabla ya rangi ya kopo kufika. Anayechora ukuta Lafey ni mrithi wa wasukaji na wachomaji chapa hao, ingawa yeye kwa kawaida ni mwanamume na kazi ya kusuka ni ya wanawake, jambo ambalo lingestahili makala yake.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni kwamba hayo ni matangazo tu ya biashara, na matangazo si sanaa. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama historia ya uchoraji katika ukanda wetu isingelikanusha. Joseph Bertiers, aliyezaliwa mwaka 1963, alianza kwa kuchora mabango ya baa na bucha kabla ya kujulikana kwa picha zake zilizojaa umati, wanasiasa na vituko vya mjini. Chéri Samba wa Kongo alianzia kwenye mabango ya Kinshasa, na mwaka 1989 picha zake zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya Magiciens de la terre. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alichora juu ya mbao za dari kwa rangi ya baiskeli jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akauza pembezoni mwa barabara. Aliuawa mwaka 1972, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesubiri kuthibitishwa na chuo.

Lakini mfano unaonigusa zaidi kwa ajili ya Lafey ni wa Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 na kufanya kazi Lubumbashi, huko huko Kongo. Huyu alikuwa mchoraji wa mtaani kwa maana kamili. Alichora kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi angeweza kulipa, na wateja walizitundika picha hizo sebuleni. Picha iliyopendwa sana katika nyumba hizo, na ambayo wachoraji wengi waliirudia, iliitwa Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko, na bendera ya Ubelgiji inapepea. Wenye nyumba walitaka kuitazama kila siku, pamoja na watoto wao na wageni wao, kwa sababu ilikuwa picha ya ukumbusho. Kisha, kati ya mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian karibu picha 100 zinazofuatana, akisimulia historia ya nchi yake tangu zamani hadi Mobutu, na mazungumzo yao kuhusu picha hizo yalifanyika kwa Kiswahili. Fabian aliyachapisha kuwa kitabu mwaka 1996. Mtu aliyekuwa akiuza picha mlango kwa mlango aliacha historia ya taifa iliyochorwa na kuelezwa kwa lugha ya watu wake. Aliyempita njiani Lubumbashi mwaka 1970 akamwita fundi wa picha za bei rahisi hakukosea kuhusu bei.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na sipendi linavyopuuzwa na wapenzi wa sanaa wa mjini. Linasema kwamba Wasomali ni watu wa ushairi, kwamba sanaa yao iko ulimini, na kwamba kwa jamii ya Kiislamu picha za viumbe wenye roho zina utata. Sehemu ya kwanza ni kweli, ila haifungi mlango. Katika mapango ya Laas Geel karibu na Hargeisa, ambayo timu ya watafiti wa Kifaransa iliyatambulisha kwa dunia mwaka 2002, kuna ng'ombe waliochorwa maelfu ya miaka iliyopita, shingo zao zimepambwa kwa mistari na watu wadogo wamesimama chini yao. Wachoraji wale walikuwa wafugaji, na nchi ile ni ya wafugaji hadi leo. Sehemu ya pili ni ya dini, na wanaostahili kuijadili ni wanazuoni. Mimi nasema tu kwamba wachoraji Waislamu wameishi na swali hilo kwa karne nyingi na wamelijibu kwa kazi. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa maua na fremu za rangi ambazo hadi leo hutambuliwa kuwa za pwani yetu. Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyezaliwa mwaka 1930 na kulelewa katika nyumba ya mwalimu wa Kurani, aliifanya herufi ya Kiarabu iwe umbo la picha, na Tate Modern ya London ikampa maonyesho makubwa mwaka 2013. Wachoraji wa maduka ya Kaskazini Mashariki nao wana njia zao. Wapo wanaochora bidhaa na maandishi tu, wapo wanaochora mnyama na kumwacha mtu, na wapo wanaochora mwili wenye vazi bila kuhangaika na uso. Kujizuia kwa namna hiyo ni nidhamu, na nidhamu imezaa mitindo mikubwa kuliko uhuru usio na mpaka.

Nimewataja wenye sebule wa Lubumbashi kwa sababu Kaskazini Mashariki ina historia inayosubiri ukuta. Serikali ya kikoloni ililifunga eneo hili kwa sheria ya mwaka 1926 na nyingine ya mwaka 1934, ikawa kuingia na kutoka ni kwa kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya mwaka 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zikaendelea hadi mwaka 1991. Februari 1984, huko Wagalla karibu na Wajir, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57, ilhali manusura wakitaja idadi kubwa mno kuliko hiyo. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, majuzuu manene ya Kiingereza. Mzee wa Lafey ambaye hakusoma Kiingereza ataifikia vipi historia yake mwenyewe iliyofungiwa humo? Ataisikia kwa mdomo, ndiyo, na mapokeo ya mdomo ya huku ni imara. Lakini watoto wake wanaosoma shuleni kwa Kiswahili na Kiingereza wanazidi kuipokea kutoka kwenye simu, kwa maneno ya wengine.

Chukua tukio la Desemba 2015, ambalo halina ugomvi wa idadi wala wa nani alisema nini. Wanamgambo walilivamia basi lililokuwa likielekea Mandera, wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo, nao abiria Waislamu wakakataa. Kwa masimulizi ya waliokuwemo, wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016, na taifa likamtunuku nishani. Filamu iliyolieneza tukio hilo duniani, Watu Wote, ilitengenezwa na wanafunzi wa chuo cha Hamburg, Ujerumani, na mwaka 2018 ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Nawashukuru kwa dhati. Ila nauliza kwa nini kisa kikubwa namna hii cha barabara ya Mandera kiwe kimeonekana California kabla ya kuonekana kwenye ukuta wa stendi ya basi huku kwetu. Mchoraji anayejua kuchora basi, na wote wanajua, angeweza kukisimulia bila kuchora uso hata mmoja: basi limesimama, mlango uko wazi, na mitandio inapita kutoka mkono hadi mkono.

Ipo hatari hapa ambayo sitaki kuificha. Ukuta wa hadharani huonwa na kila mtu, wakiwemo wenye silaha na wenye chuki. Mandera ilipata shida ya mapigano ya koo kati ya mwaka 2012 na 2014, na chapa ya ngamia iliyochorwa mahali pasipofaa inaweza kusomwa kuwa dai la ardhi. Kwa hiyo sipendekezi kila mwenye kopo la rangi akimbilie kuchora Wagalla kesho asubuhi. Mchoraji wa mji mdogo anajua mambo haya kuliko mimi. Anajua ukuta wa nani unatazama wapi, na nani ataulizwa. Ninachodai ni kwamba ujuzi huo wa kupima ni sehemu ya usanii wake, na kwamba wazee wa mji na mchoraji wakikaa pamoja wanaweza kukubaliana juu ya picha ambayo mji mzima utailinda.

Wengine watasema kwamba eneo lenye ukame na ukosefu wa usalama halina muda wa rangi. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 ulileta misimu mitano mfululizo ya mvua zilizoshindwa, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Familia iliyopoteza mifugo huhamia pembezoni mwa mji. Aqal inajengwa tena huko, lakini safari hii mikeka inaongezewa maturubai na magunia, kwa sababu anayesuka hana majani wala muda. Mtoto anayezaliwa hapo huenda asichunge ngamia maishani mwake. Hilo ndilo linalonifanya nilione swali la mchoraji kuwa la dharura: ufugaji unapobadilika kwa kasi kiasi hiki, kumbukumbu ya maumbo yake inahamia mjini pamoja na watu, na mahali pa kwanza inapotua ni kwenye kuta. Chakula kina mashirika yake na usalama una majeshi yake. Kazi ya uchoraji haiyanyang'anyi kitu. Makopo machache ya rangi na ujira wa wiki kwa mtu anayeijua kazi ni gharama ambayo hata shule moja inaweza kuimudu.

Kinachonitisha zaidi kuliko ukame, kwa upande wa ukuta, ni plastiki. Mabango yaliyochapwa kwa mashine yamekuwa nafuu, na kampuni kubwa huwapakia wenye maduka kuta zao bure kwa rangi ya kampuni. Mwenye duka hana kosa; amepewa rangi mpya bila malipo na jina lake limeandikwa. Lakini mji ukishapakwa rangi mbili tatu za makampuni, Lafey itafanana na Thika na Kitale, na ngamia wa muuza maziwa atakuwa picha iliyopakuliwa, huenda ya ngamia wa Australia. Jua na vumbi la huku havikawii kupausha rangi ya mafuta. Ukuta mzuri uliochorwa leo, usipopigwa picha na kuhifadhiwa, haudumu kufika kizazi kinachofuata, na hatutakuwa na jina la aliyeuchora.

Njia ya kuanzia ipo, na ni ya kisheria. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa na kuitaka dola ikuze sanaa. Jedwali la Nne la Katiba hiyo hiyo limezipa kaunti shughuli za utamaduni, na pia limezipa udhibiti wa matangazo ya nje, yaani mabango na kuta za biashara. Mambo haya mawili yamo katika mkono mmoja, ule wa serikali ya kaunti. Ombi langu kwa Kaunti ya Mandera, na kwa Garissa na Wajir pia, ni hili: bango linalochorwa kwa mkono na mchoraji wa mji lisilipiwe ada ya matangazo, kila mwaka kuta zilizochorwa zipigwe picha, na jina la mchoraji liandikwe kama atakubali, na jengo la umma linapojengwa, iwe zahanati, shule au soko, ukuta wake mmoja upewe mchoraji wa hapo kwa malipo ya haki. Kwa wenzangu wa magazeti na kumbi za Nairobi, ombi ni fupi zaidi. Mkiandaa orodha nyingine ya wachoraji wa Kenya, tumeni mtu Lafey kwanza, na aende na kamera.